Niliitoa Voliumu Nje ya Mashine ya Vifaranga

Siku Salumu aliponiambia niitoe voliumu nje ya sanduku, nilitakiwa kukataa. Sikukataa. Mwenye kosa ni mimi, na nimezeeka nalo.

Nilikuwa fundi redio Makambako, elimu yangu kidato cha nne. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, vifaa vya mitumba vinaingia kutoka kila upande. Salumu, mwenye malori, akaniletea sensa za kupimia joto na chipu za kuendeshea mashine. Tukaamua kuunda mashine za kutotolesha vifaranga.

Tatizo lilikuwa moja: kadiri joto lilivyopanda sensa ilitoa volti zaidi, hadi kumi, na chipu haikubali zaidi ya tano. Ilibidi volti zikatwe nusu kabla hazijaifikia. Rezista mbili zinazolingana, vile vijiti vya kupunguza umeme, zingemaliza kazi, lakini sikuwa nazo. Nikachukua voliumu ya redio, ile ya kuongezea na kupunguzia sauti, nikaizungusha mpaka mita ikaonyesha nusu kamili. Nilitaka kuigandisha kwa gundi ndani, mtu asiifikie.

“Fundi, sanduku lisilo na kitu cha kuzungusha nani atalinunua?” Salumu akasema. “Watadhani umewauzia kabati.”

Nikacheka, nikatoboa tundu, nikaitokeza nje. Mjinga mimi!

Mashine ya kwanza nilimpelekea dada yangu mkubwa, mtaa wa Mjimwema, Njombe. Alikuwa mjane, na kufuga kuku ndiyo kazi aliyotegemea kulelea wanawe. Akakusanya mayai ya majirani na ya jamaa zetu wa kijiji cha Kichiwa, akawaahidi vifaranga. Sikumwambia ile voliumu ni ya nini. Jamani, neno moja tu!

Baridi ya Njombe ikashuka na ukungu wake. Dada akagusa sanduku, akaona limepoa, akafanya ambacho mtu yeyote angefanya: akazungusha kulia ili aongeze joto. Kumbe anaongeza volti zinazoifikia chipu. Nyuzi thelathini chipu ikazisoma sitini, ikazima joto. Sanduku likazidi kupoa, naye akazidi kuzungusha. Mayai yote yakafa.

Nilipofika na Salumu, niliona kosa langu papo hapo. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni.

“Mdogo wangu,” dada akauliza, “hiki si cha kuongezea joto?”

“Mashine ni nzima,” nikasema. “Nani alikutuma uichezee?”

Akawageukia majirani, akawaomba radhi yeye. Aliwafidia kwa kuku wake mwenyewe mpaka banda likabaki tupu.

Mimi nikarudi Makambako, nikatafuta rezista, nikaziba matundu kimyakimya na kuendelea kuuza. Baadaye dada aliiona mashine mpya kwa mtu, haina cha kuzungusha. Akaelewa. Wala hakuja kunigombeza, afadhali angekuja.

Ninyi mnaotengeneza vitu vya kutumiwa na watu, kisichotakiwa kuguswa kifungieni ndani. Na mkikosea, semeni hapohapo, mbele ya walewale waliosikia mkimlaumu mwingine. Msingoje wakati mzuri. Mimi niliungoja.

Dada yangu hakukanyaga tena nyumbani kwangu. Alipougua alikataza nisiitwe, na habari za msiba wake nilizipata kwa watu, akiwa ameshazikwa.