Kengele Ilipita, Sauti Ikabaki

Jirani yangu Anaclet alikuwa fundi wa simu kwa miaka thelathini na moja katika kampuni ya machimbo ya chokaa. Leo hataki hata kulisikia neno simu.

Machimbo yako kilomita thelathini kutoka ofisi yao ya mjini, upande wa Sakania, bondeni, ambako simu za mkononi hazishiki mtandao. Wanategemea simu ya waya. Zamani nyaya mbili zilipita juu ya nguzo, zimeachana kwa urefu wa mkono, na sauti ilifika safi. Wezi wakazikata wapate shaba. Zikafungwa mpya, wakazikata tena. Mkubwa wa kazi akaamua kebo ifukiwe.

Anaclet alimweleza. Ardhini nyaya hulala zimebanana, na safari ikiwa ndefu sauti humezwa njiani. Kengele itapita, maneno hayatapita, mpaka zifungwe koili za kuisaidia sauti. Mkubwa akajibu koili zitakuja baadaye.

Siku ya kukabidhi kazi, Anaclet alizungusha mkono wa simu na kule machimboni kengele ikalia. Desturi ya mafundi wa pale ni hiyo: ikilia, unasaini.

"Papa Anaclet, sonerie inalia, kengele iko bien," mkubwa alisema. "Saini."

Akasaini. Mtu aliyejua yote yale! Nampenda, lakini hapo nashindwa kumtetea.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, kengele ililia mjini. Alikuwa binti yake Dorcelle, muuguzi wa zahanati ya machimbo. Anaclet aliitambua sauti ya mwanawe, ila maneno hakuyapata. Ilikuwa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi.

"Sema tena, mama!" alipiga kelele.

Dorcelle akarudia mara tatu. Anaclet alikuwa analia. Mwishowe akatuma gari la wagonjwa likimbie, bila kujua linakimbilia nini.

Gari lilifika na machela tu. Chileshe, mpishi wa machimbo, alikuwa amejifungua na damu haikukoma kutoka. Alifia njiani, kabla hawajaufikia mji.

Jioni Dorcelle alisimama mlangoni kwa baba yake, hajabadilisha hata gauni la kazi.

"Papa, nilisema mara ine, mulete damu. Mulisikia nini?"

"Sonerie tu, mama."