Bibi Aliyeshona Hewani

Muuguzi wa wodi ya mahututi akitembea utadhani kabati linahama, lakini mkono wake ni mwepesi mno: akikuchoma sindano leo, utapiga yowe kesho kutwa. Kila zamu huwataka wagonjwa wanyooshe viganja kama wanaosukuma ukuta, aone kama vinatulia. Wiki iliyopita bibi mmoja, fundi cherehani, homa imeshashuka, alianza kushona hewani bila sindano wala uzi. "Mpishe huyo nyuma yako," alimwambia muuguzi, "nimpime sanda." Binti yake akaangua kilio: "Mama anaaga! Nipeni nimpeleke akafie nyumbani." Muuguzi shingo ilimsisimka, ila hakugeuka. "Bibi, nisukumie ukuta." Viganja vikapigapiga kama mbawa za kuku aliyelowa. Muuguzi akainama kutazama mfuko wa mkojo, karibu mkavu. Akaisimamisha dripu ya antibiotiki, ile ya kutibu homa, akamwita daktari: "Figo zimeshindwa kuitoa dawa, imempanda kichwani." Dawa ikabadilishwa. Siku ya tatu bibi akafumbua macho. "We mtoto, mbona umekonda hivyo?" akamuuliza binti yake. Hakukumbuka sanda wala mtu. Binti akamnong'oneza muuguzi, "Sasa siku zote zile nilikuwa naongea na nani?"

"Na dawa," muuguzi akasema, akasogelea kitanda kinachofuata.