Kibanja cha Baba na Ulimi wa Dalali

Watu wanakuja barazani kwangu, hapa Kaisho, kuniuliza. Mmoja anataka kuuza kibanja chake ahamie upande wa wakwe zake, je, atafute dalali? Mwingine anatafuta mahali pa kufungia punda karibu na njia, je, amtume dalali? Nawajibu wote jibu moja: mtume dalali kama unataka kazi ya asubuhi moja ikutoe mvi. Wanacheka. Wanadhani natania kwa kuwa mimi mwenyewe ni mtu wa biashara. Sitanii. Dalali wa ardhi namchukia kama funza wa mguuni, na funza afadhali, maana yeye ukimchokoa kwa mwiba anatoka.

Kwanza mnijue ni nani anayesema. Mimi sikurithi hata mpini wa jembe. Chuoni nilikaa kidogo tu, mwalimu akanifukuza akisema naharibu wenzangu kwa kuuliza bei ya kila kitu. Kuandika huku mnakokusoma nimejifundisha kwa kutia alama mizigo ya ngozi. Nimebeba chumvi ya watu kichwani mpaka nywele za utosini zikagoma kuota, na leo wako watu wanaobeba ya kwangu. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza hapa Kaisho kuwa na mlango wa mbao wenye komeo, na ulipotiwa, wazee wazima walikuja wakashinda wanaufungua na kuufunga. Yote hayo ni mikono hii. Walionisaidia siwakumbuki, kwa sababu hawakuwapo. Walionizuia nawakumbuka vizuri sana.

Shauri lenyewe lilikuwa kibanja cha baba yangu kule Isingiro. Kibanja kwetu si shamba tu. Ni migomba, na nyumba katikati ya migomba, na mibuni pembeni, na wafu wa nyumba ile wamelala humo humo chini ya majani makavu. Mwaka wa sotoka ng'ombe waliisha, samadi ikaisha, migomba ikakonda, na watu wakafuata. Baba alifia safarini akitafuta chakula. Mama alifia nyumbani, akazikwa kibanjani. Mimi ndevu bado, nikashika njia ya ziwani na msafara wa wachukuzi. Kibanja kikikosa mtu ni cha mkama, mfalme wetu, na watu wa mkama wakampa mzee mmoja aliyehama kutoka Nyaishozi na mkewe. Hapo hakuna aliyedhulumu mtu. Ndiyo desturi.

Lakini nilipopata mali, jambo moja likawa linanikera kila nikipitisha punda wangu upande ule. Mimi nina mlango wa mbao, na mama yangu amelala kwenye kibanja cha watu, ambako siwezi hata kuingia kumfunika kwa majani bila kuomba ruhusa. Nikaapa kukipata kile kibanja, au angalau pale alipolala mama.

Hapo ndipo alipokuja dalali. Mtu wa hapa hapa Kaisho, tumbo lililokua kwa ndizi kama langu, ila alikaa Bukoba miezi michache akarudi na tarbushi nyekundu, mwavuli, na Kiswahili cha puani. Alikuwa dalali wa ngozi. Katika ngozi sitasema uongo, alinifaa. Alijua nani anaficha ngozi zilizooza ndani ya mtumba, na alikutanisha watu ambao wasingejuana kamwe. Ngozi haina mama aliyezikwa ndani yake. Iuze upendavyo.

"Bwana mkubwa hajinunulii kibanja mwenyewe," akaniambia, akifunga mwavuli wake polepole ili baraza zima liuone. "Yule mzee akiiona kanzu yako tu, bei inapanda juu ya mti. Niachie mimi. Mimi ni daraja."

"Daraja hukanyagwa."

"Nikanyage, bwana mkubwa, bora unilipe."

Nikamwachia, maana nilikuwa na mizigo ya kupeleka ziwani. Lakini nilimpa neno moja mbele ya watu, na watu hao wako hai: "Mwambie mzee kwamba mnunuzi ni mwana wa kibanja kile, na mama yake amelala humo. Anza na hilo." Akaweka mkono kifuani. Akaenda.

Akarudi na uso mrefu. "Mzee mkali, bwana mkubwa. Ana mkuki mlangoni. Hataki hata kusikia mnunuzi ni nani. Anataka ng'ombe mwenye ndama." Nikasema sawa, mpelekee neno kwamba nakubali. Akaenda, akarudi: "Tatizo limetokea. Kuna tajiri wa ng'ambo ya mto Kagera naye anakitaka. Sasa ni ng'ombe wawili." Safari hii nikauma meno nikakubali. Akaenda, akarudi: mke wa mzee amekataa, lazima alainishwe kwa kitambaa. Nikatoa kitambaa. Maharage yakavunwa, mtama ukapandwa, na mimi na yule mzee tulikuwa bado hatujaonana uso kwa uso, kila mmoja kwake, dalali katikati akinenepa. Huyo tajiri wa ng'ambo ya mto sijamwona mpaka leo. Nadhani alizama.

Siku moja ya soko akaja mama mmoja mtu mzima na kikapu cha maharage, anataka chumvi. Nikawa nampimia mwenyewe.

"Nipimie vizuri, mwanangu," akasema. "Huenda hii ni chumvi ya mwisho kuinunua nikiwa na jiko."

"Jiko limekwenda wapi, mama?"

"Si limekwenda. Litakwenda. Kuna mtu wa pwani anataka kututoa kibanjani kwetu Isingiro. Ametuma mtu wa kofia nyekundu. Anasema tusipouza, tajiri wake atakwenda kwa Wadachi apewe askari. Atakata migomba yote ajenge ghala la ngozi, na makaburi atayasawazisha."

Mkono wangu ukabaki ndani ya chumvi.

"Makaburi ya nani, mama?"

"La mjukuu wetu. Na la mwanamke tuliyemkuta pale. Jina lake hatulijui. Hatulimi juu yake. Kila tukipunguza majani makavu ya migomba, naye tunamfunika."

Nikauliza habari ya mkuki.

"Mkuki hatukuwa nao," akasema. "Mzee amechonga mpini juzi juzi tu, baada ya kusikia habari za askari. Anasema atafia mlangoni."

"Na huyo mnunuzi, mmeambiwa ni nani hasa?"

"Mtu asiye na kwao," akasema, akafunga chumvi yake kwenye jani.

Mimi! Mtu anayejulikana toka hapa mpaka ziwani, leo sina kwetu, na aliyeniondolea kwetu ni yule niliyemlisha ili anirudishe. Sikumwambia mama yule lolote. Nilimjazia chumvi mpaka jani likapasuka, akaniangalia kama mwendawazimu.

Alfajiri ya pili yake nikavua viatu, nikaweka jembe begani. Anayekwenda kuzungumza habari ya kibanja mikono mitupu ni mgeni tu. Nilifika jua limepanda. Mzee alikuwa mlangoni, na mkuki wake wa mpini mpya. Nikamwamkia kwa Kinyambo, kwa adabu zote.

"Umetumwa na nani?" akauliza.

"Sikutumwa, mzee. Mimi ndiye niliyetuma."

Akanitazama toka vidole vya miguu. "Aa. Mtu wa pwani. Pwani ya mto gani? Maana pua hiyo hapa Isingiro naikuta kila penye pombe."

"Ni pua ya hapa. Pale ulipopanda ile mibuni michanga, palikuwa na shimo la baba yangu la kuivishia ndizi."

"Shimo!" Mzee akaupiga ukingo wa mlango. "Mguu wangu ulitumbukia humo nikilima, nikaumia goti mpaka leo. Kumbe wenye goti langu ni nyinyi!" Akaketi kwenye kigoda, mkuki mapajani. "Sasa niambie, mwana wa shimo. Miguu unayo?"

"Ninayo."

"Ilikuwa wapi siku zote, mpaka unitumie kofia?"

"Nilimwambia akuambie mimi ni mwana wa hapa."

"Aliniambia una hasira na una askari. Hilo la mwana wa hapa lilimponyoka njiani."

Mkewe akatokea nyuma, akaona uso wangu, akashika mdomo. "Huyu ni wa chumvi!"

Basi tukazungumza. Mzee akasema yeye hatoki, mjukuu wake yuko hapa. Nikasema mimi nami siondoki mikono mitupu, mama yangu yuko hapa. Akasema migomba aliyoikuta ilikuwa vijiti, na kilichoirudisha ni mgongo wake. Nikasema najua, nimeiona, na kwa mgongo huo nitatoa ng'ombe wa maziwa. Akasema ng'ombe hamtoi mtu kwenye kaburi. Tukasimama pale kama fahali wawili kwenye njia nyembamba, mpaka yule mama akasema:

"Kwani kibanja kimejaa? Mmoja akae juu, mwingine akae chini."

Nawaulizeni, dalali gani angewaza hivyo? Dalali anauza kizima au hauzi, kwa sababu fungu lake limo katika kizima. Neno lile lilisemwa na mtu aliyekuwa akiepua ndizi jikoni, na halikulipiwa.

Tukaita majirani washuhudie, na mtu wa mkama wa pale, maana mpaka usioonwa na watu si mpaka. Mzee alikata vijiti vya mulamula, ule mti wa mipaka ambao ukiuchomeka popote unashika. Mashimo aliyachimba kwa mkuki ule ule. Sehemu ya juu, nyumba na mjukuu, ikabaki yake. Sehemu ya chini, mpaka njiani, na mama yangu ndani yake, ikawa yangu kwa ng'ombe yule wa maziwa. Nikalima mistari michache mbele ya macho yao, wakaniambia mikono yangu imelainika. Nikawaambia waje Kaisho tushindane kubeba chumvi. Hakuna aliyekuja.

Kisha tukakaa. Majirani wakanywa rubisi, pombe ya ndizi. "Nyinyi wa msikitini rubisi hamtaki," mzee akasema, "lakini kahawa mnatafuna." Akatoa kikapu kidogo cha kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, akachukua tunda moja, akalipasua kwa kucha. Mbegu moja akanipa mimi, moja akatia kinywani mwake. Watu wakitafuna tunda moja hivyo, neno limefungwa.

Bado natafuna, nikasikia sauti ya puani ikija kwenye migomba.

"Mzee! Mzee, mimi nimechoka kukutetea! Yule mtu wa pwani amechacha, askari wako njiani, mwenyewe nimewaona kwa—"

Mwavuli ukachomoza, kisha kofia, kisha yeye. Akatuona tumekaa mkeka mmoja. Majirani wakashusha vibuyu.

"Kwa macho haya," mzee akammalizia. "Endelea. Wako wapi hao askari? Tuwawekee ndizi."

"Bwana mkubwa!" dalali akanigeukia, kicheko kimemkwama. "Nilikuwa namlainisha tu. Hivi ndivyo biashara ilivyo. Na naona imekwisha vizuri, alhamdulillahi, kwa jitihada zangu. Sasa... haki ya dalali..."

Nilikuwa nimeinuka, na jembe mkononi. Mzee akanishika kanzu.

"Kaa, mwana wa shimo. Huyu ni mgeni wangu." Akamwuliza: "Tunda la kahawa lina mbegu ngapi?"

"Mbili," dalali akasema.

"Moja ameitafuna mnunuzi, moja ameitafuna mwuzaji." Akaokota lile ganda kwenye mkeka, akaliweka katika kiganja cha dalali, akamkunja vidole kwa upole kabisa. "Haki yako hiyo. Usiiangushe njiani, maana wewe unaangusha vitu."

Majirani walicheka mpaka rubisi ikamwagika. Akaondoka amekunja mwavuli, na jua lilikuwa kali.

Mulamula umeshika wote, sasa umepita kimo changu. Ghala sikujenga kule. Nikifika naingia bila kuomba ruhusa kwa mtu, namfunika mama kwa majani, kisha napanda juu kutafuna kahawa na mzee na kusikia kesi ya goti lake.

Dalali bado ananitafutia ngozi, na ngozi zake ni nzuri. Juzi akasahau, akanong'ona barazani kwamba Nyaishozi kuna kibanja kizuri kando ya njia, mwenyewe mkali kidogo, lakini yeye atamlainisha. Nilivua viatu, nikaingia ndani kuchukua jembe, nikatoka nikamwomba jambo moja tu: anielekeze nyumba ya huyo mkali ni ipi.