Munkoyo wa Yaya

Mwaka wa mwisho wa yaya, dada yangu mkubwa, kukaa nasi, mwalimu wetu wa sayansi alituagiza tulete michanganyiko miwili kutoka nyumbani. Mmoja uwe ule ambao huwezi tena kuona kipi ni kipi. Mwingine ule ambao vitu vyake bado vinaonekana mbalimbali. Kwa Kifaransa cha darasani, homogène na hétérogène.

Nilimkuta yaya akichuja munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi tulichokunywa kila Jumapili baada ya misa.

"Banataka nini tena kule ku masomo?" akaniuliza.

Nilipomweleza, alikoroga sukari katika chai, akanipa kijiko nionje ya juu, kisha ya chini. Utamu ulikuwa uleule.

"Unaona? Hii iko kitu kimoja."

Kisha akajaza munkoyo kwenye chupa, akaiacha mezani. Tulipomaliza kuosha vyombo, unga ulikuwa umetuama chini na maji yamebaki juu.

"Hii nayo iko mbili," akasema.

Nilipata alama nzuri. Nilirudi mbio kumwambia, nikakuta sebule imejaa wageni: ndugu za mwanamume wa Mitwaba, wamekuja kumposa. Hakuna aliyeniuliza habari za masomo. Miezi ya baridi ilipofika, yaya aliolewa, akaenda kaskazini.

Jumapili ya kwanza bila yeye, munkoyo nilipika mimi. Papa, baba yetu, alionja, akashusha gilasi.

"Mutoto, haukukoroga. Umenipa maji."

Kumbe yaya alikuwa akiutikisa mtungi kila mara kabla ya kumimina, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwona. Papa aliunywa wote hata hivyo, halafu akatoka na kusimama getini, akitazama barabara.

Mwezi wa kumi nilimpata yaya kwenye simu. Mtandao wa Mitwaba huja na kupotea. Nilitaka kumwambia nyumba imekuwa kubwa mno. Nikamwuliza kuhusu mizizi, ni mingapi kwa sufuria moja. Alicheka, akanieleza, kisha akauliza:

"Jakaranda zimeshachanua?"

"Bado, yaya."

Barabara yetu yote ilikuwa ya zambarau kwa maua yake. Sikutaka ajue kwamba zimechanua naye hayupo. Akasema, "Zikianza, uniambie," na simu ikakatika.

Sasa ana watoto wawili. Wa kwanza nimemwona mara moja. Wa pili namjua kwa picha tu.