Mama wa Kushika Mikono
Enzi za Mwingereza, kila Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, mama yule mzee wa kanisa alikushika mkono kwa viganja vilivyokakamaa kwa jembe, akakukwangua udongo wa kwenye kucha huku akikuuliza umekosana na nani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mzee mwenzake aliuliza akipiga miayo, na mstari wake haukuwa na watu. Jumamosi moja Ng'washi, muumini mmoja wa kike, aliapa kwenda kwa huyo wa miayo, lakini miguu ikamleta kwa mama.

“Na dada yako wa Usoke? Mwaka wa pili hamsalimiani.”

“Yeye ndiye aliyeanza, mama!”

“Sikuuliza aliyeanza.”

Wala hakumwachia. Ng'washi akauchomoa mkono, akajifunga kibwebwe, akashika njia ya wapagazi kwenda Usoke, akifoka: “Kibibi kile! Kesho kitatuona wote wawili, mimi na dada, Mezani pa Bwana.”