Mama Miche na Mti Aliouita Mjane

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Miche yuko juu ya ngazi nyuma ya zahanati. Mkono mmoja umeshika tawi, mwingine unachuma matunda meusi madogo na kuyatia kwenye mfuko wa aproni. Chini, jirani yake, dereva wa lori aliyestaafu, ameikumbatia ngazi na haachi kulalamika.

"Shuka basi, shemeji, wewe si mtoto!"

"Shika ngazi, acha maneno," anajibiwa.

Mama Miche ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa ameotesha miti ya asili kwenye kitalu chake kidogo kando ya barabara. Ana aina ishirini na tatu, zote zimepangwa kwa safu kwenye vifuko vyeusi vya plastiki.

Wateja wengi huulizia mti unaokua haraka, na wakiambiwa wasubiri miaka mitano hushukuru na kwenda zao. Mwezi mzuri huuza miche mia mbili. Mwezi mbaya, haifiki thelathini. Bei ya mche mmoja haizidi ya soda.

"Binti yangu ananiambia, mama, uza maua ya sebuleni," anasema. "Namwambia maua yana watu wao. Hii yangu nikiiacha, ataiotesha nani?"

Mti anaouchuma leo ndio pekee wa aina yake uliobaki umesimama mtaani, na anauita Mjane. Shina limeoza kwa ndani, na zahanati imetoa taarifa kwamba utakatwa mwisho wa mwezi kabla haujawaangukia wagonjwa. Mama Miche hana ugomvi nao. Kinachomnyima usingizi ni kwamba kwa miaka kumi hakuna hata mbegu moja ya Mjane iliyoota, na haya ndiyo matunda yake ya mwisho.

Zamani ziliota bila taabu, kisha ghafla zikagoma. Alibadilisha udongo, akabadilisha maji, akawasingizia panya, akamshuku hata mlinzi wa zahanati kuwa anaumwagia mti sabuni. Kila alipopasua mbegu kwa wembe, alikuta ganda tupu.

Jibu alilipata miaka mitano iliyopita, kwa ofisa misitu aliyepita kununua miche. Aina hii, alimweleza, ina mti dume na mti jike. Akamuuliza: dume lake liko wapi?

"Sikuhitaji kulitafuta," anakumbuka. "Nilijua lilikuwa wapi. Mimi ndiye niliyesema likatwe."

Lilikuwa ng'ambo ya barabara, uani kwa dereva. Miaka kumi na moja iliyopita dereva alitafuta nafasi ya kuweka tangi la maji, akamwita jirani yake mtaalamu. Mama Miche aliuzunguka mti, akautazama juu mpaka chini, akatoa hukumu: hauzai, unajaza uwanja bure, kata.

"Nilisema kwa kujiamini kabisa, na kiuno nimeshika," anasema. Anacheka, halafu anajifuta macho kwa pindo la aproni.

Dereva anapoulizwa kama aliwahi kumlaumu, anatikisa kichwa. "Nimlaumu kwa lipi? Shoka nilishika mimi. Na usimwone hivi, alilia siku tatu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimpelekea chai."

Bahati nzuri kisiki kilikuwa hai. Kila mwaka kilichipua, na kila mwaka mke wa dereva alifyeka machipukizi apate pa kuanika nguo. Siku ile ile aliyopita ofisa misitu, kamba ya nguo ilihamishwa. Machipukizi matatu yakaachwa yakue, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, yametoa maua.

Kila asubuhi kwa wiki mbili Mama Miche alikata vitawi vyenye maua, akavuka navyo barabara na kuvifunga kwenye matawi ya Mjane. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walidhani amechanganyikiwa.

"Nikawaambia, jamani, napeleka posa," anasema.

Saa tatu wako kitaluni. Matunda yamemenywa na mbegu zimeoshwa, arobaini na tatu kwa jumla. Mbegu tupu huelea majini, yenye kiini huzama. Mama Miche anazimimina zote kwenye beseni.

Zinaelea zote. Dereva anatazama viatu vyake.

Mama Miche anazikoroga taratibu kwa kidole kuondoa mapovu, na moja inashuka. Kisha nyingine.

"Hesabu wewe za chini," anamwambia dereva. "Mimi sioni vizuri."

"Saba."

"Rudia."

"Saba, shemeji. Saba!"

Mama Miche anakaa chini, pale pale kwenye udongo uliolowa, na safari hii hajifuti macho.

Zikiota, hatauza hata mche mmoja. Minne itapandwa zahanati, ambako mganga mkuu ameshakubali, na mitatu uani kwa dereva, ambaye atahamisha tangi. Upi dume na upi jike hakuna atakayejua mpaka itoe maua, pengine baada ya miaka kumi na mitano. Mama Miche atakuwa na sabini na sita.

"Na ule utakaokaa miaka yote bila tunda?" dereva anauliza.

"Usiuguse," anasema. "Hata nikija mimi mwenyewe kukuambia ukate, nifukuze."