Siku Baraza la Chuo Liliponihesabu

Mwaka wangu wa pili chuoni Lilongwe, niliitwa mbele ya baraza la chuo. Wajumbe walitaka kujua kama chuo kimepiga hatua ya kuwa cha kimataifa, na ofisi ya masomo ikataka mwanafunzi mmoja wa kigeni awepo. Nilipomwambia mama, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliacha cherehani akacheka, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo:

"We njo mugeni? Mugeni gani anaamkaka kuteka mayi hapa?"

Ripoti ilisomwa ukurasa kwa ukurasa: mikataba na vyuo vya nje, safari za wahadhiri, orodha ya nchi tulikotoka wanafunzi wa kigeni. Kongo, kwetu, ilikuwemo. Kisha mjumbe mmoja, mkunga mstaafu, akavua miwani.

"Wodini hatukuhesabu walioingia tu. Tuliuliza pia waliotoka wazima. Hawa wanafunzi wanamaliza?"

Msomaji wa ripoti akasema takwimu hizo hazikukusanywa. Yule mkunga akanigeukia.

"Binti, wenzako darasani wanajua unakaa wapi?"

Nilikuwa nimewaambia nakaa Kauma, mtaa wa hapo hapo mjini.

"Hapana, mama. Hawajui."

Nikaeleza yote: kibali cha kutoka kambini kilivyochelewa nikakosa mtihani, na mwenzangu mmoja wa Fizi, huko kwetu Kongo, alivyoacha masomo kwa sababu hiyohiyo.

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Akaagiza ripoti ijayo ieleze nani kamaliza, nani kaacha na kwa nini, tena wanafunzi wa Malawi wamejifunza nini kwetu.

Nilidhani yataishia kwenye karatasi. Muhula uliofuata chuo kikaanza kutuandikia barua za kuombea vibali mapema. Yule wa Fizi akarudi. Halafu mhadhiri wetu akaleta darasa zima Dzaleka kuzungumza na wafanyabiashara wa soko, mimi nikiwa mkalimani. Rafiki yangu Mmalawi, niliyekaa naye kila kipindi, alinivuta pembeni.

"Kumbe kwenu ni huku! Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

Akanishika mkono, akasema, "Basi nipeleke nikamsalimie mama."

Mama alimpakulia sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. "Kula, mutoto yangu, bugali iko mingi."

"Zikomo, amayi," akamshukuru kwa Kichewa, akanawa mikono. Wakaanza kufundishana majina ya mboga, kila mmoja kwa lugha yake, wakicheka, wala hawakuniomba niwatafsirie.